Vibati vya Msitu wa Juu

Bwana Misitu alitaka ushahidi. Si malalamiko, alisema, maana malalamiko anayo kabati zima. Tulikuwa watu wanne mbele ya meza yake: mwenyekiti wa kijiji, mkunga, mdogo wangu wa kiume na mimi. Viti vilikuwa viwili, kwa hiyo wawili walikaa na wawili wakasimama kama wanafunzi waliochelewa. Tulikuwa tumekwenda kuomba msitu wa juu uandikwe kuwa wa kijiji kabla kampuni ya mbao haijautia mkononi. Upande wa pili wa bonde kampuni ilikwisha kuumaliza msitu wote, na mto unaotoka huko siku hizi una rangi ya chai ya maziwa.

"Mnasema mnautumia huo msitu," Bwana Misitu alisema huku akitafuta kifuniko cha kalamu. "Mnautumia vipi? Miti ipi? Niandikieni kila mti mnaoutumia. Jina lake, unene wake, mahali ulipo, matumizi yake. Nakala tatu."

"Kila mti?" mkunga akauliza.

"Mama, serikali haiwezi kulinda kitu isichokijua."

Nilitoka mle nimekasirika, lakini niseme ukweli, nilikuwa na hamu pia. Nimekuwa karani wa zahanati kwa miaka ishirini na sita. Kijiji kizima huniita Mama Fomu, kwa sababu hakuna cheti cha kuzaliwa wala barua ya shule isiyopita mezani kwangu. Wengine wakipewa fomu hutokwa jasho. Mimi hutafuta rula. Njiani nikawaambia wenzangu kwamba yule bwana anadhani tutachoka, na sasa tutamletea orodha mpaka akose pa kuiweka.

Fundi bati alitukatia vibati kutoka kwenye madebe ya mafuta yaliyoisha, akavigonga namba kwa msumari, tundu kwa tundu. Kila mti tulioutumia ulipigiliwa kibati usawa wa kifua. Mkunga alionyesha miti ya magome yake ya dawa. Wasusi wa vikapu walionyesha yao, wachonga mipini yao. Kifaa cha kupimia mahali hatukuwa nacho, wala Bwana Misitu hakuwa nacho cha kutuazima, kwa hiyo mahali tuliandika kwa hatua: namba kumi na mbili, hatua arobaini kutoka namba kumi na moja, upande jua linakochomoza. Hivyo hivyo, namba ikazaa namba.

Akabaki mdogo wangu. Yeye ni mrina asali, na mrina asali haonyeshi mti wake. Hamwonyeshi mke, hamwonyeshi rafiki. Akienda kurina huzunguka njia tatu ili hata mbwa wake asijue. Nilipomwambia nahitaji miti yake kwenye orodha, alinitazama kama nimemwomba meno.

"Dada, huko ni kumwaga mtama kwenye kuku wengi."

"Kuku gani? Hii ni karatasi."

"Karatasi ina miguu."

"Karatasi ina muhuri! Mti usioandikwa ndio utakaokatwa. Unataka kurina wapi, kwenye visiki?"

Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamkumbusha ni nani aliyembeba mgongoni mama alipokuwa mgonjwa. Siku ya tatu asubuhi alisimama mlangoni kwangu akasema, "Twende." Alinionyesha miti thelathini na moja, karibu yote mivule mikubwa ambayo watu watatu wakishikana mikono hawaizungushi. Kila nilipogongelea kibati aligeuka akanipa mgongo. Mimi niliona ni ukaidi wake tu, nikaendelea kugonga.

Tulipeleka miti mia mbili na kumi na minne, nakala tatu, mistari yote imepigwa kwa rula. Bwana Misitu akagonga muhuri. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Miezi miwili ikapita kimya. Kisha Jumapili moja mchana akaja shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, kula chakula. Yeye ni mkata miti wa kampuni. Anaendesha msumeno wa injini, anaishi kambini kwao ng'ambo ya bonde na huja kwangu akikumbuka ladha ya chumvi. Mimi humwita Mchwa. Yeye huniita Serikali.

"Serikali, leo umepika au umeandika tu kwamba umepika?"

"Kula, Mchwa. Usije ukanitafunia na meza."

Akala, akasifu, akaanza kujisifu na yeye. Kazi siku hizi imekuwa mteremko, alisema. Halafu akatoa karatasi mfukoni mwa shati, akaikunjua kando ya sahani. "Hebu nisaidie kusoma hapa, shemeji. Hii ni nane au tatu?"

Ilikuwa nane. Niliijua kabla sijavaa miwani, kwa sababu nane zangu zina kiuno chembamba. Ilikuwa orodha yangu. Ilikuwa na mistari yangu ya rula na hatua zangu. Safu ya mwisho tu, ile ya matumizi, ndiyo haikuwepo. Dawa, asali, mipini, vikapu, yote yalikuwa yameachwa nje ya karatasi.

"Umeitoa wapi hii?"

"Kwa msimamizi. Wote tumepewa. Kibali cha msitu wa juu kimetoka, tena kimeandikwa kwa namba. Mti wenye kibati unaangusha. Usio na kibati ukiugusa, kazi huna. Ukimaliza unang'oa kibati unampelekea, anajua kweli umekata. Zamani tulikuwa tunazunguka siku nzima kutafuta mvule mmoja. Sasa nani huyu aliyetufanyia kazi safi namna hii?"

"Mimi, Mchwa," nikamwambia. "Ni mimi."

Akaweka kijiko chini. Alifikiri natania, kisha akaona uso wangu. Walikwisha kukata kumi na saba, alisema kwa sauti ya chini, na hakuimaliza sahani yake.

Kesho yake nilikuwa ofisini kwa Bwana Misitu kabla hajafungua dirisha. Sikukaa, ingawa safari hii viti vyote viwili vilikuwa vitupu.

"Faili ni la umma, mama," alisema. "Kampuni iliomba nakala kama mtu mwingine yeyote."

"Na ombi letu?"

"Linashughulikiwa."

"Na safu ya matumizi imekwenda wapi?"

Akaitazama orodha, akakuna shingo. "Karatasi yenu ilikuwa pana. Labda mashine haikuichukua."

Nilikuwa nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, na mtu huyu ananieleza habari za mashine! Akaniambia niandike barua ya pingamizi, makao makuu watatuma watu kuhakiki. Lini? Wakipata gari. Niliandika barua palepale, kwa kalamu yake na kwenye meza yake, nikaikandamiza kalamu hadi ikaacha alama kwenye karatasi ya chini.

Kumwambia mdogo wangu ndiko kulikonishinda. Nilimkuta uani anakagua kamba yake ya kupandia. Nilizunguka maneno, nikalaumu mashine, nikamlaumu Bwana Misitu. Alisubiri nimalize.

"Yangu wamekata mingapi?"

"Mitano."

Akaendelea kuvuta kamba, pingili kwa pingili. Angenitukana ningepumua.

Nadhani ni kile kimya chake kilichonipa wazo, maana sikuweza kukaa nacho. Kama wanafuata vibati, nikawaambia watu, basi tuvihamishe vibati. Mti usio na namba hawaugusi, si ndivyo alivyosema Mchwa? Tulipanda watu arobaini, asubuhi kweupe, na nyundo na koleo. Tulivitoa vibati kwenye mivule na mikangazi, tukavipigilia kwenye mikuyu iliyooza ndani, kwenye misufi, kwenye vijiti visivyofaa hata kuni. Mkunga alipigilia kimoja kwenye mti ulioinamia korongo na kusema atakayeukata aanze kwanza kuandika wosia. Tulicheka siku mbili nzima. Hata mdogo wangu alishika nyundo. Na mimi, ninayeandika hata idadi ya vijiko vyangu, sikuandika popote kibati kipi kimetoka wapi. Karatasi ilikuwa imenitosha.

Ilifanya kazi vizuri mno. Mchwa alinyamaza, wenzake hawakujua. Wakaangusha mkuyu wa kwanza, ukapasuka wakaona uwazi ndani ambao mtu angelala. Wakaangusha wa pili, akatoka kenge. Msimamizi alisimama na orodha mkononi, anasoma "mvule" anatazama msufi, anasoma tena. Kwa siku tisa hakuna gogo hata moja lililoshuka. Kisimani watu walikuwa wakiigiza uso wake, na mimi nilipita nikisalimiwa kama nimeshinda uchaguzi.

Siku ya kumi, gari la makao makuu likaingia. Barua yangu ilikuwa imejibiwa.

Walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mwanamke wa makamo mwenye viatu vya shambani vilivyochakaa kweli, si vya kuonyesha. Barua yangu ilikuwa ndani ya faili lake, amepiga mstari chini ya maneno. Safu ya matumizi alikuwa nayo, alikuwa na nakala ya kwanza kabisa.

"Nimefanya kazi hii miaka mingi," aliniambia, "sijaona orodha iliyotengenezwa vizuri kama hii. Tutachagua miti kumi tu, twende tuione. Ikilingana na ulichoandika, kibali cha kampuni nakiombea kifutwe na msitu huu unakuwa wenu."

Nilipaswa kusema palepale. Mwenyekiti alinitazama, mkunga alinitazama, na ulimi wangu ambao haujawahi kukosa neno ukalala. Tulipanda naye mlimani.

Namba hamsini na nane. Orodha ilisema mkangazi, unene mita nne, magome ya dawa. Kibati namba hamsini na nane kilikuwa kwenye mkuyu mwembamba kama paja la mbuzi.

Yule mama alisoma, akautazama mti, akanitazama mimi. Nikamweleza yote bila kuficha hata mkuyu mmoja.

"Mlivihamisha nyinyi wenyewe?"

"Ndiyo."

"Baada ya kuleta orodha?"

"Baada."

"Nitajuaje kwamba si kabla?"

Mkunga akamshika mkono akampeleka kwenye mkangazi wake, akamwonyesha makovu ya magome na matundu mawili ya misumari. Yule mama aliyagusa kwa kidole. "Tundu halina namba, mama," alisema, na niliona kwamba jambo hilo halikumfurahisha hata kidogo. Akafikiri, kisha akatupa siku saba. Kila kibati kirudi kwenye mti wake. Akirudi akikuta vinalingana, atathibitisha.

"Na wakata miti?" nikauliza. "Siku hizo saba watakuwa wamelala?"

"Kibali bado ni halali. Kukisimamisha si kazi ya idara yangu."

Usiniulize nilisema nini. Niliomba radhi baadaye.

Tulikutana darasani, watu wamebanwa kwenye madawati ya watoto. Vibati vikibaki kwenye mikuyu, miti ni salama lakini tunaonekana waongo, na kampuni italeta wapimaji wake baada ya mwezi mmoja au miwili. Vikirudi, tutathibitishwa, kama patakuwa na kitu cha kuthibitisha. Watu walipigiana kelele mpaka wakakauka koo. Mwisho tukaamua kuvirudisha na kukaa chini ya miti yetu, usiku na mchana, mpaka yule mama arudi. Kila mtu aliijua miti yake.

Mdogo wangu akasimama. "Yangu sitaonyesha."

"Nini?"

"Nilikuonyesha mara moja, dada."

Nilimfokea mbele ya watu. Nilimwita mbinafsi, nikamwambia kijiji kizima kinazama kwa sababu ya nyuki wake. Alinisikiliza hadi nikaishiwa. "Nilikuonyesha wewe," alisema, "sikuionyesha serikali." Akatoka.

Nilichukua vile vibati vyake ishirini na sita kwenye kikapu nikapanda peke yangu. Si nina orodha? Nilianza kuhesabu hatua kutoka namba mia moja na thelathini, nikafika kwenye kisiki. Nikaanza kwingine, nikafika kwenye kijito ambacho sikuwa nimekiandika. Mivule ilinizunguka pande zote, yote mikubwa, na sikujua hata mmoja kati yake. Nilikuwa nimesimama mbele ya kila mti, nimeupima, nimeuandika, na sikuwa nimeutazama. Nilikaa chini na kikapu changu nikalia kwa hasira.

Siku saba zile sipendi kuzisimulia. Tulikuwa watu tisini wa kukaa na miti ilikuwa mingi kuliko sisi. Wakata miti hawakugombana na mtu. Walisalimia, wakaenda pale ambapo hapakuwa na mtu. Mchwa aliacha kazi siku ya pili na msumeno wake ukapewa mwingine saa ileile. Mkunga alikaa chini ya mkangazi wake siku nne. Siku ya tano aliitwa kuzalisha, mtoto akatoka salama, na aliporudi alikuta kisiki kinachotoa maji. Siku ya saba tulipanga foleni barabarani kumpokea yule mama. Hakuja. Gari lilikuwa limeharibika. Alifika siku ya kumi na moja.

Visiki vilikuwa sitini na viwili. Kati ya miti kumi aliyoichagua, sita ilikuwa imekatwa. Tulisimama kwenye uwazi mpya, jua linatuchoma mahali ambapo halijawahi kufika, na yeye ameweka faili juu ya kisiki.

"Ombi limeshindwa," alisema. "Lazima tisa kati ya kumi ionekane. Mnaweza kuomba tena mwakani." Akapindua ukurasa. "Iliyokatwa naandika imekatwa. Iliyosimama inabaki kwenye orodha, na kibali kinafuata orodha. Sasa hii ya asali, ishirini na sita, siioni popote. Iko wapi?"

Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu na kamba yake begani.

"Usipouona mti, unaandika nini?" nikamuuliza.

"Haujaonekana. Unabaki kwenye orodha mpaka uonekane. Kampuni ina wapimaji, watafuata hatua zako."

"Na kama haukuwahi kuwepo?"

Nadhani alinielewa kabla sijamaliza.

"Basi unafutwa, na kwenye kibali cha kampuni pia. Lakini aliyeuandika atakuwa amedanganya serikali. Jina lake linaingia kwenye faili, hatashika tena karatasi ya kijiji hiki, na kijiji hakiombi tena kwa miaka mitano. Unanielewa, mama?"

"Mama Fomu, usithubutu," mwenyekiti akasema. Akanishika mkono, nikauondoa. Najua alikuwa na haki ya kunishika. Miaka mitano ni mingi, na walioniamini walikuwa wamesimama pale, nguo zao bado zina majani ya kulalia. Lakini mwakani kungekuwa na nini cha kuombea? Huo msitu ungehesabiwa kwa visiki.

"Niliitunga," nikamwambia. "Yote ishirini na sita. Nilitaka orodha ionekane ndefu."

Minong'ono ikapanda nyuma yangu. Mtu mmoja akatema mate. Yule mama akafungua kalamu, akaniambia nimsomee namba moja moja, maana sheria inataka kila mti ukanushwe kwa jina lake.

"Mia moja thelathini na tatu," nikasema. "Haukuwahi kuwepo."

Akaandika.

"Mia moja thelathini na nne. Haukuwahi kuwepo."

Akaandika. Nilikwenda hivyo hadi wa tisa, na hapo mistari yangu mizuri ya rula ikaanza kuchezacheza, nikashindwa kusoma. Yule mama alisubiri na kalamu yake hewani. Hakuna aliyenisaidia.

"Mia moja arobaini na mbili," mdogo wangu akasema nyuma yangu. Hakuwa na orodha mkononi. "Huo nao dada aliutunga." Akasogea akasimama kando yangu, akautaja uliofuata.